Hesabu Zinazobadili Lugha: Historia Fupi ya Kuhamisha Taratibu za Matriki kutoka Algol hadi Fortran, na Funzo Lake kwa Wenye Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kusimulia historia ya tafsiri ya aina moja ambayo aghalabu haitajwi katika mijadala yetu ya tafsiri, nayo ni tafsiri ya hesabu kutoka lugha moja ya kompyuta hadi nyingine. Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini taaluma za Kiswahili. Jibu letu ni kwamba linazihusu sana, na hasa katika sehemu hii ya Kongo ya mashariki.

Kijana aliyezaliwa Alimbongo, katika nyanda za juu za Lubero kusini mwa Butembo, aghalabu hukua akisema Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni na safarini, na Kifaransa shuleni. Akijaliwa kufika chuo kikuu, mathalani Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, na akaanza somo la hesabu za kompyuta, hukuta lugha ya nne, yaani lugha ya programu, ambayo maneno yake machache yamekopwa kutoka Kiingereza. Hesabu ile ile moja humpitia katika lugha nyingi kabla ya kumkaa akilini. Kwa hiyo swali la nini huvuka salama na nini hupotea njiani si la wanahisabati peke yao.

Hoja yetu kuu ni hii: hesabu inapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, kinachopotea kwa urahisi zaidi si kile kilichoandikwa, bali kile ambacho wenyewe walikubaliana pasipo kukiandika. Tutaithibitisha hoja hii kwa kufuata safari ya taratibu za matriki tangu enzi za karatasi na kalamu hadi lugha za Algol, Fortran, C na Java.

Kabla ya kuendelea tufafanue istilahi mbili. Kwa neno "matriki" tunamaanisha jedwali la namba lililopangwa kwa mistari ya mlalo na safu za wima, ambalo hushughulikiwa kama kitu kimoja. Kwa neno "utaratibu" tunamaanisha sehemu ya programu inayofanya kazi moja maalumu, kama vile kutatua milinganyo, na inayoweza kuitwa na programu nyingine bila kuandikwa upya.

2.0 Namba bila ufunguo: Ishango

Mfano wa kwanza tunao karibu. Ishango iko mahali ambapo Mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, katika wilaya ya Beni. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alichimbua hapo mfupa mdogo wenye kijiwe kilichopachikwa nchani, ambao ubavuni umechanjwa alama katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, nao umehifadhiwa Brussels katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi za Maumbile.

Alama hizo zimefungwa katika mafungu yanayohesabika. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza kila moja hujumlika kuwa 60, na ya tatu hujumlika kuwa 48. De Heinzelin mwenyewe aliona humo dalili za mchezo wa hesabu, kama kuzidisha kwa mbili na namba zisizogawanyika. Baadaye Alexander Marshack, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alidai kuwa ni kumbukumbu ya miandamo ya mwezi. Mjadala haujafungwa.

Hapa ndipo penye funzo. Namba zimetufikia zote, hazikufutika. Kilichopotea ni ufunguo: mchanjaji alianzia upande gani, fungu moja lilihesabu nini, na safu hizi zilisomwa pamoja au mbalimbali. Aliyechanja na waliosoma walijua, na kwa kuwa walijua hawakuwa na haja ya kuandika. Tukumbuke jambo hili tunapofika katika hesabu za karne ya 20, kwani tutaona kwamba hatari ni ile ile, ingawa wahusika walikuwa hai na waliweza kuandikiana barua.

3.0 Haja ya matriki katika ardhi yetu

Ng'ambo ya bonde hilo hilo la Semliki na Ziwa Edward, katika magharibi ya Uganda, ilifanyika mwaka 1908 na 1909 kazi kubwa ya upimaji wa ardhi. Ilikuwa sehemu ya Tao la Meridiani ya 30, mpango uliobuniwa na mwanafalaki David Gill wa Cape Town mwaka 1879, wa kuipima Afrika kwa mnyororo wa pembetatu kutoka kusini hadi Misri. Waingereza na Wabelgiji walishirikiana katika sehemu hiyo ya Uganda. Mnyororo mzima haukuunganika hadi mwaka 1954, pale wapimaji wa jeshi la Marekani walipoziba pengo la mwisho nchini Sudan.

Mpimaji anayesimama juu ya kilima na kupima pembe hawezi kuepuka kosa dogo. Akipima pembe nyingi kuliko zile anazozihitaji, vipimo vyake havipatani kabisa, na hapana budi kuvipatanisha. Njia iliyokubaliwa tangu siku za Legendre, aliyeichapisha mwaka 1805, na Gauss, ni kutafuta majibu yanayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kuliko zote. Kazi hiyo huzaa milinganyo mingi inayopaswa kutatuliwa kwa pamoja, na vizidishi vyake vikipangwa vizuri ni matriki.

Njia ya kuitatua milinganyo hiyo kwa kuondoa kisichojulikana kimoja kimoja ni ya kale mno. Wachina waliieleza takribani miaka 2,000 iliyopita katika kitabu chao cha hesabu chenye sura tisa. Katika Ulaya imepewa jina la Gauss. Ama neno lenyewe la matriki lilianza kutumiwa na Mwingereza Sylvester mwaka 1850, na Cayley akaijengea hesabu hiyo misingi yake mwaka 1858. Mwanajeshi Mfaransa André-Louis Cholesky, aliyekuwa mpimaji wa ardhi, alitambua kwamba matriki za upimaji zina ulinganifu: nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini. Akaandika mwaka 1910 njia ya kuigawa matriki kama hiyo iwe pembetatu na kivuli chake, na hivyo kupunguza kazi kwa karibu nusu. Cholesky alifariki vitani mwaka 1918, na njia yake ilichapishwa na mwenzake Benoit mwaka 1924.

Zama hizo aliyefanya hesabu alikuwa mtu mwenye karatasi, majedwali ya logi na, kwa bahati njema, mashine ya kuzungusha kwa mkono. Utaratibu ulikuwa umeandikwa katika fomu: weka namba hii hapa, zidisha na ile, jumlisha chini. Mengi hayakuandikwa kwa kuwa mkokotoaji alikuwa na akili yake. Akiona jibu la ajabu angesimama na kurudia. Hilo ndilo mashine isingeweza kufanya.

4.0 Algol: lugha ya kuandikiana

Katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, Uingereza, mara baada ya vita vya pili vya dunia, kulikuwa na kikundi kidogo cha wanahisabati ambacho ndani yake walikuwamo Alan Turing na James Wilkinson. Wilkinson alisimulia baadaye jinsi yeye, Turing na wenzao wawili walivyotatua mfumo wa milinganyo 18 kwa mashine za mezani, kazi iliyowachukua kiasi cha wiki mbili. Waliogopa kwamba makosa madogo ya kukata desimali yangelimbikizana na kuharibu kila kitu, lakini jibu lilitoka safi kuliko walivyotarajia. Turing aliandika makala juu ya makosa hayo mwaka 1948. Wilkinson aliyafanya kuwa kazi ya maisha yake, na kompyuta yao iitwayo Pilot ACE ilipoanza kufanya kazi mwaka 1950 alipata chombo cha kuyachunguza.

Taratibu zilizotokana na uchunguzi huo zilihitaji lugha ya kuandikiwa. Kila kompyuta ilikuwa na lugha yake ya ndani, na aliyeandika kwa moja hakusomwa na wa nyingine. Mwaka 1960 kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani ilitoa taarifa ya lugha ya Algol 60. Lugha hii ilikusudiwa iwe fasihi andishi ya hesabu: mtu aliyeko München aandike, aliyeko Teddington asome, na wote wawili waelewe jambo moja.

Wilkinson na Christian Reinsch wa München, pamoja na wenzao wa nchi kadhaa, walichapisha mfululizo wa taratibu za Algol katika jarida la Kijerumani la Numerische Mathematik. Mwaka 1971 taratibu hizo zilikusanywa na Wilkinson na Reinsch katika kitabu kimoja kikubwa cha aljebra ya matriki. Kila utaratibu uliambatana na nadharia yake, maelezo ya jinsi unavyotumika, mifano iliyokwisha kukokotolewa, na majibu ya mifano hiyo. Msomaji azingatie hilo la mwisho, maana ndilo lililookoa kazi ya watafsiri.

5.0 Argonne na kazi ya kutafsiri

Tatizo lilikuwa kwamba Algol ilisomwa sana na kutumiwa kidogo. Katika maabara nyingi, hasa za Marekani, lugha iliyotawala ilikuwa Fortran, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya John Backus na kusanifiwa mwaka 1966. Wahandisi wa madaraja, ndege na vinu vya nyuklia walikuwa na maelfu ya kurasa za Fortran, wala hawakuwa tayari kuziacha. Wengine walizitafsiri taratibu za Wilkinson wenyewe kwa haraka, na kila mmoja aliingiza makosa yake.

Ndipo Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, iliposhirikiana na Chuo Kikuu cha Stanford na Chuo Kikuu cha Texas kuzitafsiri upya kwa uangalifu. Walichagua zile zinazotafuta namba bainifu za matriki, yaani zile namba chache zinazobeba tabia ya jedwali zima, kama vile mwendo ambao daraja hupenda kutikisika kwao. Mkusanyo huo uliitwa EISPACK, na kitabu cha mwongozo wake kilichapishwa mwaka 1974. Kabla ya kutolewa, ulijaribiwa katika vituo vingi vyenye kompyuta za aina mbalimbali, na majibu yakalinganishwa.

Watafsiri hao walikuwa waaminifu kiasi kwamba hata mambo yaliyotokana na udhaifu wa Algol waliyahifadhi. Algol 60 haikuwa na aina ya namba changamano, na kwa hiyo sehemu halisi na sehemu ya kubuni ziliwekwa katika majedwali mawili. Fortran ilikuwa na namba hizo, lakini EISPACK iliendelea kutumia majedwali mawili kama yalivyo katika matini chanzi. Pamoja na uaminifu huo, kuna mambo matatu yaliyokataa kuvuka kwa urahisi.

5.1 Mwanzo wa kuhesabu

Msemaji wa Kiswahili halihitaji somo hili kwa kirefu. Saa moja asubuhi ya Mswahili ni saa saba ya Mfaransa, kwa kuwa mmoja huanza kuhesabu alfajiri na mwingine usiku wa manane. Jumatatu, kama jina lake linavyosema, ni siku ya tatu, ilhali kwa anayeanza juma kwa siku hiyo ni ya kwanza. Hakuna aliyekosea. Lakini anayetafsiri barua ya mwaliko na kusahau kutoa sita atamfikisha mgeni wake karamu ikiwa imekwisha.

Katika Algol mwandishi alikuwa huru kutangaza jedwali lake lianzie namba yoyote, hata sifuri au chini yake. Fortran ya mwaka 1966 ilidai kila jedwali lianze kwa moja. Baadaye lugha ya C iliamuru kila jedwali lianze kwa sifuri. Kila uhamisho ulilazimisha kuongeza au kupunguza moja katika mamia ya mahali, na kusahau pamoja tu kulitosha kusoma namba ya jirani.

Lililofichika zaidi lilikuwa suala la mzunguko usio na kazi. Katika Algol, ukiamuru jambo lirudiwe kutoka mbili hadi moja, halifanyiki hata mara moja, kwani kikomo kimekwisha kupitwa. Kanuni za Fortran ya 1966 hazikuruhusu amri kama hiyo, na vikusanyi vingi viliitekeleza mara moja kabla ya kuuliza. Kwa sababu hiyo matriki yenye mstari mmoja tu, ambayo Algol iliipokea bila neno, ilihitaji kuwekewa ulinzi wa pekee katika Fortran. Mwandishi wa Algol hakuandika ulinzi huo kwa kuwa lugha yake ilimlinda kimyakimya.

5.2 Mpangilio wa ghala

Matriki katika karatasi ina pande mbili, lakini kumbukumbu ya kompyuta ni mstari mmoja mrefu. Ni lazima iamuliwe namba zipangwe vipi. Fortran hupanga safu moja ya wima baada ya nyingine. Vikusanyi vya Algol kwa kawaida vilipanga mstari wa mlalo baada ya mwingine, na waandishi wake walizoea kutembea mlalo.

Tuchukue mfano wa ghala la kahawa mjini Butembo lenye magunia 1,000,000 yaliyopangwa katika safu 1,000 za magunia 1,000. Anayekagua safu moja hadi mwisho kisha akahamia ya pili hatembei sana. Anayekagua gunia la kwanza la kila safu, kisha la pili la kila safu, huruka magunia 1,000 kila hatua. Hesabu ya magunia itakuwa ile ile, lakini mmoja atamaliza mapema na mwingine atachoka.

Ndivyo ilivyotokea. Tafsiri ya EISPACK ilifuata nyayo za Algol, ikatembea mlalo katika ghala lililopangwa wima. Kwenye kompyuta zilizokuwa zikihamisha kurasa za kumbukumbu kati ya diski na mashine, uchovu huo ulionekana wazi. Cleve Moler, mmoja wa watafsiri, aliandika mwaka 1972 makala fupi akionyesha kwamba katika Fortran ni heri kupanga hesabu kufuata safu za wima. Mkusanyo uliofuata, LINPACK wa mwaka 1979, uliandikwa tangu mwanzo kwa mwendo wa wima. Hivyo tafsiri ilikuwa sahihi kwa kila neno, majibu yakawa sahihi, na bado kitu kilipotea: wepesi ambao matini chanzi ilikuwa nao katika makao yake.

5.3 Kipimo cha kosa

Taratibu za namba bainifu hukaribia jibu hatua kwa hatua. Zinasimama lini? Zinasimama pale kilichobaki kinapokuwa kidogo kiasi kwamba mashine haiwezi kukitofautisha na sifuri. Kipimo hicho si cha hisabati, ni cha mashine. IBM System/360 ilihesabu kwa msingi wa 16. CDC 6600 ilitumia neno la biti 60. Udogo wa mmoja haukuwa udogo wa mwingine.

Wilkinson na wenzake walikuwa na busara ya kuliandika jambo hili: utaratibu wao ulimtaka mtumiaji atoe kipimo cha mashine yake. Matoleo ya kwanza ya EISPACK yaliweka kipimo hicho ndani ya kila utaratibu, nacho kilibidi kubadilishwa kwa kila aina ya kompyuta. Toleo la mwaka 1983 lilitafuta njia ya busara zaidi: badala ya kuulizwa mtu, mashine yenyewe inaulizwa. Ongeza kilichobaki katika namba kubwa. Jumla isipobadilika, basi kilichobaki ni kidogo vya kutosha. Mwaka 1985 kanuni ya kimataifa ya hesabu za kompyuta iliyojulikana kama IEEE 754 ilipunguza tofauti hizo kwa kiasi kikubwa, na kile ambacho awali kilikuwa desturi ya kila kiwanda kikawa mkataba ulioandikwa.

6.0 Silsila ya utaratibu mmoja

Safari haikuishia Fortran. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Moler, akifundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alitunga programu ya MATLAB ili wanafunzi wake watumie EISPACK na LINPACK bila kuandika Fortran. Mwaka 1984 ikawa bidhaa ya kampuni, ikiwa imeandikwa upya kwa lugha ya C. Mwaka 1992 mikusanyo yote miwili ilirithiwa na LAPACK, ambayo hadi leo hufanya kazi chini ya programu nyingi za hesabu, ikiwemo NumPy.

Tafsiri za kutoka Fortran kwenda C zimefanywa pia na mashine, kwa programu iitwayo f2c. Programu hiyo haikusumbuka kupunguza moja katika kila namba ya jedwali. Ilisogeza mwanzo wa jedwali lenyewe nyuma, ili hesabu iendelee kuanza kwa moja kana kwamba hakuna kilichobadilika. Matokeo yake ni C inayofanya kazi barabara, lakini yenye lafudhi nzito ya Fortran, na inayomsumbua msomaji. Tafsiri za aina hii tunazijua hata katika vitabu vyetu: maneno yote ni ya Kiswahili, na sentensi si ya Kiswahili.

Kinyume chake ni mkusanyo mdogo wa lugha ya Java uitwao JAMA, uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na MathWorks pamoja na taasisi ya viwango ya Marekani. Humo mna utaratibu uitwao tql2, ambao maelezo yake yanasema umetokana na utaratibu wa Algol wa Bowdler, Martin, Reinsch na Wilkinson, na utaratibu unaolingana nao katika EISPACK. Nayo EISPACK, katika maelezo yake, inasema ni tafsiri ya utaratibu huo wa Algol, na inataja jarida, juzuu, kurasa na mwaka wa 1968. Tunayo hapa silsila kamili: mpokezi anamtaja aliyempokeza, hadi chimbuko. Mwanafunzi anayepata jibu la kutia shaka anaweza kupanda silsila hiyo ngazi kwa ngazi, akafika kwenye nadharia na mifano iliyokokotolewa, na kujua kosa liliingia wapi.

7.0 Funzo kwa wenye Kiswahili

Sisi tuliosomea maandishi ya kale ya Kiswahili tulikwisha kukutana na mambo haya. Mwandishi wa tenzi kwa hati ya Kiarabu alikuwa na irabu tatu za kuandikia irabu tano. Kasra moja ilisimama badala ya i na e. Dhamma moja ilisimama badala ya u na o. Msomaji wa Mombasa au Lamu hakupata shida, kwani neno alilijua. Lakini mashairi ya Muyaka bin Haji yalipohamishiwa hati ya Kilatini, ilibidi kila irabu iamuliwe. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza W. E. Taylor asingeweza kuifanya kazi hiyo bila Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ambaye alikuwa na ufunguo kichwani. Angelikosekana mtu kama huyo, tungebaki na hati yenye alama zote na maana yenye mashaka, kama tulivyobaki na mfupa wa Ishango.

Sasa tuigeuze hoja kwetu wenyewe. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ndicho lugha ya kazi ya mamilioni ya watu kutoka Bunia hadi Lubumbashi. Haja ya kukiandikia hisabati ya chuo kikuu itakuja, kama si kwa amri, basi kwa matumizi. Siku hiyo tutakutana na kikwazo katika neno la kwanza kabisa. "Safu" ya milima na "safu" ya askari huenda mlalo. "Safu" ya gazeti hushuka wima. Mwandishi mmoja akitumia "safu" kwa mlalo na mwingine kwa wima, na wote wawili wasiseme, mwanafunzi atageuza matriki ubavu kwa juu. Matriki yenye ulinganifu, kama za Cholesky, haitamwonyesha kosa lake. Nyingine zinaweza kumpa jibu lisilo lake. Si upungufu wa Kiswahili: Algol na Fortran, zilizotungwa na mabingwa, ziligongana mahali hapo hapo.

Historia ya Argonne inatupa masharti matatu ambayo, kwa maoni yetu, yanamfaa mtafsiri yeyote wa sayansi. La kwanza ni kuandika mapatano mwanzoni: hesabu inaanzia wapi, mlalo ni upi na wima ni upi, na kosa la kiasi gani linavumilika. La pili ni kutaja silsila, ili msomaji asidhani tafsiri ni asili, wala asikose njia ya kurudi kwenye asili. La tatu ni kufuatanisha kila utaratibu na mifano iliyokwisha kukokotolewa. Tafsiri ya shairi hupimwa kwa sikio la mjuzi. Tafsiri ya hesabu hupimwa kwa jibu, na anayeficha jibu amemnyima msomaji kipimo pekee alicho nacho.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba taratibu za matriki zimebadili lugha mara nyingi katika muda usiozidi miaka mia moja, kutoka fomu za wapimaji hadi Algol, Fortran, C na Java, na kila mara kilichovuka kwa taabu kilikuwa kile ambacho lugha ya kwanza ilikichukulia kuwa hakihitaji kusemwa. Tumeona pia kwamba taratibu hizo hazikuokolewa na ubora wa lugha yoyote kati ya hizo, bali na desturi ya kuandika mapatano, kuwataja waliotangulia na kuhifadhi majibu.

Kwa hiyo swali linaloulizwa mara kwa mara katika kumbi za vyuo vyetu, kama Kiswahili kinaweza kubeba hisabati ya juu, limeulizwa vibaya. Fortran ya 1966 ilikuwa lugha finyu mno, isiyoweza hata kuhesabu kutoka sifuri, na iliibeba. Swali linalofaa ni kama sisi tutakaoandika tutakuwa na subira ya kuyasema yale tunayoyajua sote. Walioishi Ishango walijua maana ya 11, 13, 17 na 19 kama tunavyojua leo maana ya saa moja asubuhi.